Napoleon Dynamite (2004): muvi ya dola 400,000 iliyokataa kumbadilisha steringi wake. Karibuni tujadili

Kanda_ya_Zamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu tumeshajadili sana muvi za sekondari za Kimarekani, na nyingi zinafuata mwendo mmoja. Kuna binti au kijana anachekwa shule nzima, ana miwani mikubwa, anakula peke yake. Katikati ya muvi anapata mtu wa kumvua ile miwani, anamtengeneza nywele, anamvalisha, anamwingiza ukumbini siku ya dansi na kila shingo inageuka. Waliomcheka jana leo wanamgombania. Mwisho. Ukikaa ukaitafakari stori kama hiyo, inakwambia waliokuwa wanacheka walikuwa na haki, kosa lilikuwa la miwani.

Nimeleta uzi huu kwa ajili ya Napoleon Dynamite kwa sababu ilikataa njia hiyo kabisa, na naamini ilikataa vizuri kuliko muvi yoyote ya aina yake niliyoiona.

Kwa wasioijua, kwanza historia yake. Mwongozaji ni Jared Hess, aliyekulia Preston, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Idaho, karibu na mpaka wa Utah. Hadithi aliiandika pamoja na mke wake, Jerusha Hess. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Brigham Young alitengeneza filamu fupi ya dakika chache tu, picha nyeusi na nyeupe, ikiitwa Peluca, na ndani yake akamtumia mwanafunzi mwenzake, Jon Heder. Ile fupi ndiyo iliyozaa hii ndefu. Mwaka 2003, wakati wa kiangazi, wakaenda Preston na bajeti ya dola 400,000 na kupiga muvi nzima kwa wiki tatu na kidogo. Heder, steringi mwenyewe, mwanzoni alilipwa dola 1,000. Januari 2004 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, kampuni ya Fox Searchlight ikainunua, na mpaka inaondolewa kwenye majumba ya sinema ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 40. Mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya muvi bora ya MTV, mbele ya muvi zilizokula mamilioni ya watu.

Sasa tuingie ndani. Napoleon ni kijana mrefu, mwembamba, nywele zimejikunja kama za enzi za kalikiti, kavaa mabuti ya theluji wakati hakuna theluji, mdomo uko wazi nusu, macho yamefumba nusu. Anaongea kwa hasira ya mtu aliyechoka kusumbuliwa. Anaishi na bibi yake na kaka yake Kip, mwanaume wa miaka 32 anayeshinda kwenye kompyuta akichati na mpenzi ambaye hajawahi kuonana naye. Bibi anaanguka na pikipiki ya magurudumu manne kwenye michanga na kuvunjika kifandugu, basi anakuja anko Rico kuwaangalia. Rico akili yake imebaki mwaka 1982. Anaamini kocha angemwingiza uwanjani robo ya nne, wangekuwa mabingwa wa jimbo na maisha yake yangekuwa mengine. Anakaa nje ya gari lake anajirekodi video akirusha mpira.

Halafu anakuja Pedro, mwanafunzi mgeni kutoka Mexico, mpole, maneno machache. Na Deb, binti anayepita nyumba hadi nyumba akiuza vishikizo vya funguo alivyosuka mwenyewe kwa nyuzi za plastiki, na kupiga watu picha za studio, ili apate ada ya chuo. Hawa watatu ndio kundi la wasio na kundi. Pedro anaamua kugombea urais wa wanafunzi dhidi ya Summer Wheatley, binti maarufu kuliko wote pale shule. Hiyo ndiyo stori, hakuna zaidi.

Naomba mtazame kipande kimoja na mimi, kile cha banda la kuku. Napoleon anataka hela ya kwenda kwenye dansi, anapata kibarua cha kukamata kuku na kuwahamisha vizimba. Anawauliza wakulima kama kuku wana kucha kubwa. Anapiga kazi. Mchana wanakaa kwenye meza iliyowekwa nje, inzi wanazunguka, na wenye shamba wanawakaribisha chakula: mayai ya kuchemsha, sandwichi za mayai, na jagi la kinywaji chenye mayai mabichi. Napoleon anakiangalia kile kinywaji. Kamera imetulia tuli, haimsogelei usoni, hakuna muziki wa kukuonyesha pa kucheka. Jioni analipwa kwa sarafu, dola sita, na anapiga hesabu pale pale kwamba ni kama dola moja kwa saa. Basi.

Kila aliyewahi kufanya kibarua akiwa mdogo anakijua kipande hicho. Wakulima wale si wabaya, wanakula kile kile wanachowapa vibarua. Mtoto anapunjwa, lakini muvi haimlilii wala haimfanyi shujaa. Inamwacha apokee sarafu zake aende dansini. Hela ile inakwenda kwenye suti ya kahawia ya mtumba inayombana, na anaivaa kifua mbele.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Napoleon mwanzo wa muvi na Napoleon mwisho wa muvi ni mtu yule yule. Mabuti ni yale yale, mdomo uko wazi vile vile. Baada ya lile tukio la jukwaani ambalo wengi mnalijua, dansi yake siku ya uchaguzi, shule nzima inasimama kumpigia makofi, lakini yeye keshakimbia, hata hayasikii vizuri. Hatumwoni akibebwa mabegani. Hatumwoni akitongozwa na marafiki wa Summer. Anarudi kwenye ule mchezo wake wa kupiga mpira uliofungwa kamba kwenye nguzo, peke yake, na anayekuja kucheza naye ni Deb. Dunia haikumpa alichopewa Cinderella. Ilimpa rafiki wa kugombea urais pamoja naye na rafiki wa kucheza naye mpira, na muvi inaamini hivyo vinatosha. Mimi pia naamini vinatosha, na ndiyo maana naipenda kwa dhati.

Nawasilisha. Walioiona leteni maoni, hata ya kuipinga.

Kobe_wa_Ukerewe

Mkuu umeandika vizuri ila mimi iliniangusha. Niliisikia sifa zake nikaitafuta, nikafika nusu nikazima. Hakuna stori. Jamaa anaburuza mdoli kwa kamba nje ya dirisha la basi la shule, kipande kimeisha. Mara anamlisha mnyama anaitwa Tina. Mara anko anamrushia mnofu usoni akiwa kwenye baiskeli. Nasubiri mambo yaanze, hayaanzi.

Kanda_ya_Zamani

Kobe nakuelewa, na wewe si peke yako. Roger Ebert, mhakiki mkubwa wa Marekani, aliipa nyota moja na nusu kati ya nne.

Lakini hebu fikiria ulivyokuwa sekondari. Siku zilikuwa na stori? Siku ilikuwa vipande: umechelewa namba, umekosa chakula, umemwona mtu unayempenda akipita na mwingine, jioni imefika. Hess amepanga muvi yake hivyo hivyo, siku moja haiisukumi nyingine, mpaka uchaguzi unapokuja ndipo mambo yanaanza kuvutana. Na ule mnofu usoni unaudhi kwa sababu Rico anafanya vile bila sababu yoyote. Mtoto anayeonewa shuleni anarudi nyumbani anamkuta mbabe mwingine, huyu ni mtu mzima wa ukoo wake. Ukitoka pale unaelewa kwa nini Napoleon anaongea na kila mtu kama amekanyagwa.

Mwl_Nyanda_za_Juu

Mimi nafundisha sekondari, na nina pingamizi lingine tofauti na la Kobe. Nina wasiwasi na kicheko chenyewe. Watu wa Preston wanaonyeshwa washamba watupu: vyakula vyao, nguo zao, nyumba zao. Kamera inawaweka katikati ya picha kama wanaopigwa pasipoti halafu inasubiri tuwacheke. Na Pedro? Mmeksiko pekee mwenye sauti katika muvi ndiye anayeongea kidogo kuliko wote, kuna wakati anapata joto kichwani ananyoa nywele zote na kuvalishwa wigi. Mwanafunzi wangu mgeni darasani akifanyiwa vile nitakuwa nimeshindwa kazi. Mleta uzi anasema muvi inawapenda watu wake. Nionyeshe wapi.

Kanda_ya_Zamani

Mwalimu, swali zito, na nakujibu kwa kipande hicho hicho cha wigi. Pedro ananyoa, anaona aibu, anajifunika kofia ya sweta. Nani anamcheka ndani ya muvi? Si marafiki zake. Napoleon anampeleka kwa Deb, Deb anamkalisha, anamjaribishia wigi kwa utulivu wa fundi anayeheshimu mteja wake. Hakuna anayemsuta kwa alichofanya. Anko Rico angekuwepo pale ungeona tofauti.

Kuhusu ushamba, kumbuka Hess ndiye mwenyeji. Alikwenda kwao. Shule ile ni ya Preston kweli, na yule lama anayeitwa Tina alikuwa mnyama wa mama yake Hess. Wenyewe hawakuona wametukanwa: mwaka 2005 bunge la jimbo la Idaho lilipitisha azimio rasmi la kuwapongeza Jared na Jerusha Hess, na ndani yake wakataja mpaka vile vibonge vya viazi vya kukaanga ambavyo Napoleon anavificha mfukoni mwa suruali ale darasani, kwa sababu Idaho ndilo jimbo la viazi.

mama_Neema_Boise

Habari zenu ndugu. Miye ninakaa Boise, Idaho. Tulikuja kwa mpango wa wakimbizi tukitokea Kongo, na hapa tuko Wakongo na Warundi wengi, Kiswahili unakisikia dukani na kanisani. Nimeona jina la jimbo letu nikasema lazima niandike.

Preston si karibu na sisi, iko kusini-mashariki kabisa, upande wa Utah, ni saa nyingi za barabara. Kule ni mashamba, ng'ombe, na watu wengi ni waumini wa kanisa la Mormoni, kama hao walioitengeneza. Ndiyo maana hamsikii matusi mazito humo. Kijana anakasirika muvi nzima na hatukani, anatumia yale maneno ya watoto walioleleka kanisani. Niliiangalia na wanangu sikuhangaika na rimoti.

Sasa mwalimu, juu ya Pedro. Mdogo wangu alianza sekondari hapa akiwa na Kiingereza kidogo sana. Siku za kwanza alikula chakula chooni, kwa sababu ukishika sahani yako hujui ukae meza gani, na kila meza ina watu wake. Baadaye akakaa na kijana mmoja wa hapa hapa, Mzungu, ambaye na yeye hakuwa na mtu. Walikaa wiki nyingi bila kuongea mambo ya maana, kila mmoja na chakula chake. Leo ni marafiki sana.

Kwa hiyo miye Pedro sikumwona kama kichekesho. Anaongea kidogo kwa sababu lugha si yake, na bado ndiye jasiri kuliko wote. Anamwomba Summer waende dansini, anamwokea keki anaiacha mlangoni kwake. Anakataliwa, hafi, anakwenda kumwomba Deb. Anagombea urais wa shule aliyofika juzi. Napoleon hana ujasiri wa namna hiyo. Na kuna kipande cha kijana mdogo anayetaka kunyang'anywa baiskeli na mbabe, halafu binamu zake Pedro wanapita na gari lao la kushushwa chini, wanatikisa vichwa tu, mbabe anaiacha baiskeli. Mgeni ndiye anayewalinda wenyeji. Nilicheka, lakini nilifurahi zaidi kuliko nilivyocheka.

Mwl_Nyanda_za_Juu

Dada, nimekusoma mara mbili. Hilo la keki na la baiskeli sikuwa nimeyaunganisha hivyo, na nakubali Pedro ana uzito zaidi ya nilivyompa. La kamera bado tunatofautiana na mleta uzi, nadhani kuna watazamaji wanaocheka kwa dharau na muvi haiwazuii. Ila mdogo wako na yule kijana wa mezani, nitawasimulia darasani kwangu Jumatatu.

Fundi_Picha_Mwananyamala

Niko kwenye uzalishaji wa muvi hapa Dar, nataka tuongee kazi.

Dola laki nne kwetu ni hela nyingi sana, muvi zetu nyingi hazioni hata robo, kwa hiyo tusijidanganye kwamba alikuwa na bajeti ya Mbongo. Lakini kwa Marekani ilikuwa hela ya kuomba omba, na uamuzi wake wa kiufundi unatufaa. Kamera imesimama. Huhitaji reli, huhitaji kreni, huhitaji kupanga taa mara nne kwa mazungumzo ya watu wawili. Unapiga upana, waigizaji wanaingia na kutoka, kichekesho kinakaa ndani ya fremu. Ukikata kata unakiua. Wengi wetu tunaiga kamera ya kukimbia kwa sababu tunaiona ya kisasa, kumbe inakula siku na hela.

La pili ni ile dansi. Walibakiwa na rola moja ya filamu, kama dakika kumi za kupiga, na zilikuwa siku za mwisho. Heder hakupangiwa hatua, alicheza kutoka kichwani, wakapiga mara tatu, wakachanganya vipande. Wimbo uliobaki ni wa Jamiroquai. Tazameni miguu yake: hatua zile ni za kijana aliyejifunzia chumbani kwa kanda ya kufundishia aliyoiokota dukani kwa bei ya kutupa, ndivyo stori inavyosema, na mwili wake unasema hivyo hivyo. Mwalimu wa dansi angemfundisha vizuri angeharibu.

Na kuna sababu ya yeye kucheza. Pedro ana hotuba tu, wanamwambia kila mgombea lazima awe na onyesho, yeye hana. Summer keshafanya lake na wenzake. Napoleon anampa mtu wa sauti kanda ya muziki na kupanda jukwaani. Hajipigii debe. Anamwokoa rafiki yake asiaibike. Hapo ndipo muvi ilikuwa inakwenda muda wote, na mimi kama fundi namvulia kofia mwandishi aliyesubiri dakika themanini kufika pale bila kutuharakisha.

Kanda_ya_Zamani

Fundi umemaliza. Hilo la kumwokoa Pedro ndilo nililotaka kulisema kwenye uzi nikalipita.

Niongeze jambo la utangulizi. Yale majina yaliyoandikwa kwenye sahani za chakula, kadi za maktaba na vitu vya mtoto wa shule yalitengenezwa baada ya muvi kununuliwa. Watu walioonyeshwa mapema walikuwa wanauliza hii ni miaka ya themanini au sasa, maana kila kitu mjini kinaonekana cha zamani. Ndiyo maana mnaona kitambulisho cha shule cha Napoleon kimeandikwa 2004. Kazi hiyo ilifanywa na Aaron Ruell, ambaye ndiye Kip mwenyewe.

Mpwa_wa_Lufufu

Jina langu linasema nilikulia wapi. Vibanda umiza, muvi zimetafsiriwa, Lufufu anasimulia mpaka unasahau wanaoongea ni Wachina. Nilijaribu kufikiria hii ingetafsiriwaje, na naona haiwezi. Mtafsiri wetu kazi yake ni kujaza. Jamaa akikaa kimya, mtafsiri anamwekea mawazo, anamtania, anawaambia watazamaji nini kinakuja. DJ Afro kule Kenya ni hivyo hivyo. Napoleon akiangalia lile jagi la mayai mabichi, uchekeshaji wote uko kwenye ule ukimya. Ukiujaza umebaki na kijana anayekula mayai. Nadhani ndiyo sababu sikuwahi kuiona kibandani, nimeiona ukubwani kwa maandishi.

Kobe_wa_Ukerewe

Mpwa, hapo umenigusa. Mimi niliiangalia nikiwa na simu mkononi na marafiki wanapiga kelele.

mdau_wa_namba

Kuna jambo moja la kompyuta linalohusu muvi hii, linawafaa Kobe na mleta uzi wote wawili. Mwaka 2006 Netflix walitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yao ya kubashiri mteja atapenda muvi ipi. Wataalamu wa hesabu dunia nzima wakaingia. Napoleon Dynamite ikawa mojawapo ya muvi zilizowasumbua kuliko zote, kwa sababu watu waliipa ama nyota moja ama tano, na kilichompendeza mtu kwenye muvi nyingine hakikusaidia kujua ataipendaje hii. Zawadi ilichukuliwa 2009.

Kwa hiyo Kobe hukukosea kuzima na Kanda hajakosea kuisifu. Hesabu zenyewe zilishindwa kuwabashiri.

mama_Neema_Boise

Kobe ndugu yangu, jaribu tena ukiwa na mtoto wa sekondari kando yako. Atakueleza vipande ambavyo sisi wakubwa tumevisahau.

Kobe_wa_Ukerewe

Sawa dada, wikiendi naiwasha tena na mpwa wangu, yuko kidato cha pili. Nitaleta mrejesho hapa hapa.

Kanda_ya_Zamani

Vizuri sana Kobe. Na majina yakianza kupanda mwishoni usizime. Kuna kipande kingine baada ya majina, harusi ya Kip na LaFawnduh, yule mpenzi wake wa kuchati, kilipigwa baadaye muvi ikiwa imeshanunuliwa, na matoleo mengi yanacho. Napoleon anafika na farasi.